Kazi Yangu ni Kusaka Makosa

Watu wakisikia nina shahada ya uzamivu na bado nafanya utafiti wa mkataba, huniuliza kama nilifeli. Sikufeli. Nasahihisha makosa ya kompyuta za kwanta, na makosa hayo hayaishi.

Kyubiti, kipande kidogo kabisa cha taarifa katika mashine hizi, huharibika upesi. Hata kwenye baridi inayokaribia nyuzi 273 chini ya sifuri, joto kidogo tu huivuruga. Ukiipima ili uikague, unaiharibu mwenyewe. Kuinakili nako hakuwezekani.

Mwaka 1995, Mmarekani Peter Shor alionyesha njia: taarifa ya kyubiti moja isambazwe kwenye kyubiti tisa, kisha zipimwe tofauti baina ya kyubiti hizo tu. Mwishoni mwa 2024 Google wakatangaza chipu ya Willow, yenye kyubiti 105. Walipopanua gridi ya kyubiti kutoka 3 kwa 3 hadi 5 kwa 5, kisha 7 kwa 7, makosa yalipungua kwa zaidi ya nusu kila hatua. Kwangu hiyo ndiyo habari, si mbwembwe za kasi ya mashine hizi.

Ila mzunguko mmoja wa ukaguzi huchukua takribani sehemu moja ya milioni ya sekunde. Programu ya kusoma majibu ikizembea, foleni inajaa. Hapo ndipo ninaposhinda.

Kwa hiyo akija mtu kukuuzia utajiri wa kwanta wa mwaka huu, funga pochi.