Palipovunjika Jiwe: Muziki wa Ugiriki ya Kale Jukwaani

Mwezi Juni 1894, wajumbe waliokutana katika chuo cha Sorbonne, Paris, kujadili kurejeshwa kwa Michezo ya Olimpiki waliimbiwa utenzi wa kumsifu mungu Apollo. Ulikuwa umefukuliwa Delphi, Ugiriki, mwaka mmoja tu kabla, ukiwa umechongwa kwenye mawe karne ya 2 KK pamoja na alama za sauti juu ya maneno. Hata hivyo, mtunzi Gabriel Fauré alikuwa ameuvika kinubi, filimbi na klarineti, akaujaza mapatano ya sauti ya Kifaransa ya wakati wake. Klarineti ni ala ya karne ya 18, na mapatano ya namna ile hayamo katika alama za jiwe. Je, wajumbe wale walisikia Ugiriki au Paris? Swali hilo linalihusu kila kundi linalopanda jukwaani leo na muziki uliokwisha kunyamaza. Hoja yangu ni kwamba onyesho la namna hiyo lina thamani pale linapofanywa kama jaribio la kitaalamu: linajenga juu ya ushahidi, linaonyesha lilipoziba pengo, na linakubali kukosolewa.

Ushahidi wenyewe si haba. Vimesalia vipande vipatavyo 60 vya muziki wa Kigiriki vyenye alama, na majedwali yaliyoachwa na mwandishi Alypius yanatueleza kila alama ilisimamia sauti gani. Wimbo wa Seikilos, uliochongwa kwenye nguzo ya kaburi iliyopatikana karibu na Aydın, Uturuki, mwaka 1883, umetufikia mzima, na una hata alama za urefu wa sauti. Pasipo na alama hizo, mapigo hupimwa kwa silabi ndefu na fupi za ushairi. Aidha, Kigiriki cha kale kilipandisha sauti kwenye silabi yenye mkazo, na tenzi za Delphi kwa kiasi kikubwa zinafuata upandaji huo. Yeyote anayetunga nyimbo kwa lugha ya Kibantu yenye toni ataelewa kwa nini: ukiinua sauti mahali pasipostahili, unaweza kupotosha neno.

Lakini alama haisemi ala ilivuma vipi, na hapo ndipo mafundi na wapigaji wanapoingia. Jumba la makumbusho la Louvre linahifadhi aulosi, yaani jozi ya zumari zilizopigwa pamoja na mtu mmoja. Watafiti walizipima, wakachonga nakala zake, na mwaka 2017 zikapigwa pamoja na kwaya katika onyesho lililoongozwa na Armand D'Angour kwenye jumba la Ashmolean, Oxford. Nakala hulazimisha maswali ambayo kitabu kinaweza kuyakwepa: tete liwe refu kiasi gani, na mpigaji apumue lini? Kwa swali la pili, wapigaji wa leo wamejifunza kwa wazee wa kisiwa cha Sardinia wanaopiga launeddas, ala ya mabomba matatu, bila kukatisha sauti. Mpiga zumari wa pwani yetu anaijua mbinu hiyo: hewa hutunzwa mashavuni na kusukumwa nje huku pumzi mpya ikivutwa puani. Sauti inayotoka kwenye nakala hizo ni kali na yenye kuvuma, mbali kabisa na upole wa kinubi cha Fauré.

Wapo wanaosema kwamba yote haya ni kubahatisha, kwa kuwa hakuna shahidi aliye hai. Pingamizi hilo linachanganya mapengo yasiyolingana. Mpando na mshuko wa sauti tunaujua kwa sehemu kubwa, na mapigo pia. Kasi, madoido na rangi ya sauti ya mwimbaji hatuzijui. Kukisia kunakobanwa na ushahidi kunaweza kuthibitishwa kuwa kumekosea, kama yalivyokosolewa mapatano ya Fauré, na dai linaloweza kushindwa ndilo linalostahili kuitwa hoja. Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Mwanahistoria wa muziki wa Marekani, Richard Taruskin, alidai kwamba upigaji uliojiita wa asili, hasa wa muziki wa akina Bach, ulikuwa kwa kweli ladha ya karne ya 20 iliyovaa vazi la kale. Nakubali kwamba sikio la leo halivuliwi mlangoni kama viatu. Ila kosa analolifichua limo katika jina la asili ambalo upigaji huo ulijipa. Ladha ya mpigaji haidhuru kitu ikitajwa kuwa ni yake.

Kwa hiyo, msikilizaji asiulize kama ndivyo Wagiriki walivyoimba, bali kipi kimetoka kwenye jiwe na kipi kwa wanamuziki. Mawe ya Delphi yamemeguka, na sehemu za tenzi zimepotea. Kundi likifika hapo linaweza kunyamaza, au kuimba kiungo lilichokitunga na kusema wazi ni chake. Njia zote mbili ni halali. Isiyo halali ni kuupaka ufa rangi ya jiwe.