Ekseli ya Mbele: Ipime Kabla ya Kulipa

Mkulima, masika yakifika barabara ya skimu hugeuka tope, na maziwa hayangoji. Ekseli ya mbele ya Land Rover yako ikivunjika njiani, maziwa yataganda na deni litabaki pale pale. Basi, ukitafuta ekseli nyingine iliyo imara zaidi, angalia mambo haya manne.

Kwanza, difu. Ya mbele na ya nyuma lazima zilingane. Land Rover za Series, zilizokoma kutengenezwa mwaka 1985, kwa kawaida zina difu ya 4.7. Defender za mwaka 1990 mpaka 2016 zina 3.54. Ukizichanganya, magurudumu ya mbele yatashindana na ya nyuma kila utiapo gia ya kuvuta kwa manne, hata kitu kikatike. Zungusha shingo ya difu kwa mkono mpaka magurudumu yote mawili yamalize mzunguko mmoja. Ukihesabu karibu mara tano kasorobo, ni 4.7, mara tatu na nusu, ni 3.54.

Pili, springi. Series hukalia springi za majani, Defender za koili. Kuchomelea viti vipya ni kazi ya fundi stadi.

Tatu, matufe ya kupindia magurudumu. Yapapase; yakiwa na vishimo vya kutu, oili itavuja.

Nne, uzito. Ekseli nzito kupita kiasi huchosha springi na usukani.

Mwite fundi aione kwanza, ndipo utoe pesa.