MAWE YA REDIO HAYAONGEZWI NGUVU NA JUA

Hapa Ihanda, Wilaya ya Mbozi, bado ziko nyumba zenye redio ya mawe na tochi ya mawe. Mawe hayo, yaani betri kavu, tunayanunua dukani kijijini, Vwawa au Tunduma. Yakichoka, watu huyaanika juani juu ya bati. Jioni redio huimba tena, na mwenyewe husema, "Si mnaona? Yamepata moto!"

Je, ni kweli? Ni kweli kidogo tu. Jiwe la redio ni kopo la zinki. Ndani yake mna unga mweusi wenye unyevu, na katikati mna kijiti cha kaboni. Umeme hutoka wakati dawa iliyomo ndani inapoila zinki polepole. Jiwe moja jipya lina volti 1.5, basi redio ya mawe manne hupata volti 6. Joto la jua huchochea kazi ile, na masalio ya umeme hutoka. Lakini zinki iliyokwisha kuliwa hairudi. Ndiyo maana redio huimba kitambo kidogo, kisha kimya. (Asubuhi za baridi ya Juni na Julai hata mawe mazima huonekana dhaifu. Hayo usiyatupe, yaache yapate joto la nyumba.)

Tena kopo lililoliwa limekuwa jembamba. Likipata joto hutoboka, maji yakavuja na kula springi na waya za redio. Kung'ata jiwe kwa meno nako hulitoboa. Kuliweka kando ya moto ni hatari zaidi, kwa maana linaweza kupasuka na kumwumiza mtu macho.

Liko jambo jingine. Mtu ana mawe manne yaliyochoka, lakini fedha yake inatosha mawili. Anachanganya mawili mapya na mawili ya zamani, akidhani ameokoa fedha. Kumbe mapya yanasukuma umeme kupita katika yale machovu, na machovu yanavuja. Fedha imepotea, na redio pia. Afadhali mawili hayo mapya ayatie kwenye tochi, redio ingoje. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, kikundi kizima kilisikiliza redio moja. Redio ya namna hiyo ikiharibika, hasara si ya mtu mmoja.

Redio isiyotumika, toa mawe. Mawe yaliyokufa yatupwe mbali na kisima, na watoto wasiyapasue kutafuta unga mweusi.

Lakini betri ya kuogopwa kuliko zote ni ile ndogo, bapa kama kifungo cha shati. Imo katika saa, vitochi na michezo ya watoto. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kumwunguza ndani kwa muda wa saa 2 tu, hata kama imechoka. Huenda asilie. Utaona anatokwa na mate, anakohoa au anakataa kula. Usimtapishe, wala usingoje itoke chooni. Mkimbize hospitali yenye eksirei, useme wazi kwamba amemeza betri. Kama amepita mwaka 1, anaweza kumeza, na asali ipo pale pale nyumbani, mpe vijiko 2 vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani. Kama asali haipo, msipoteze muda kuitafuta, ondokeni.