Je, Wajua? Ndugu wa Damu, Majina Tofauti

Wakili Alute Mughwai na mwanasiasa Tundu Lissu, wana wa Ikungi, Singida, ni ndugu wa damu. Jina kamili la mdogo ni Tundu Antiphas Mughwai Lissu.

• Singida, kama kwingi Tanzania, mtoto hufuatisha jina la baba, kisha la babu. Hivyo jina la mwisho la baba mara nyingi halimo kwenye kitambulisho cha mwanawe.

• Mwanasiasa Mwigulu Lameck Nchemba Madelu, mzaliwa wa Iramba, Singida, ana majina manne. Wengi humjua kwa la kwanza na la tatu.

• Uskochi na Ireland walianza vivyo hivyo: Mac ni mwana wa, O ni mjukuu wa. Baadaye majina yakaganda. Leo MacDonald si lazima awe na baba aitwaye Donald.

• Liti, shujaa wa Kinyaturu anayesimuliwa kuwashambulia Wajerumani kwa nyuki, anakumbukwa kwa jina lake mwenyewe. Uwanja wa mpira wa Namfua, Singida mjini, sasa unaitwa Liti.

Muulize babu jina la babu yake, kisha uliandike.