Picha ya kamera inapochelewa kufika kwenye simu



Katika miji yetu kamera za ulinzi zimekuwa kitu cha kawaida. Jamaa wanazifunga juu ya mlango wa lupango, na mtoto aliye Kinshasa ao Bruxelles anaangalia nyumba ya wazazi huko Lubumbashi kwa simu yake. Ni jambo jema. Lakini tunasikia malalamiko yaleyale: ukiwa nyumbani picha ni safi, ukiwa mbali inakwama, ao haifunguki kabisa. Halafu watu wanakata shauri haraka. Mmoja ananunua kamera mpya, na shida inabaki palepale. Mwingine anampigia mlinzi simu kwa hasira kwamba amelala, kumbe picha aliyoiona ilikuwa imeganda. Tunataka basi kueleza chanzo cha jambo hili, ili tusipoteze pesa na tusimhukumu mtu bure.

Njia ya kutoka ni nyembamba

Tunapotazama video, intaneti inaingia kwetu. Kamera inafanya kinyume: inachukua picha nyumbani na kuzipeleka nje. Mitandao mingi, hasa ile ya simu, inapana kwa kuingia na inabana kwa kutoka. Ndiyo sababu mama anaweza kutazama filamu sebuleni bila shida, na wakati uleule kamera yake inashindwa kutuma picha kwa mtoto wake.

Tupige hesabu. Kamera yenye picha safi ya 1080 inahitaji kwa kawaida megabiti 2 hadi 4 kwa sekunde. Kamera nne zikifunguliwa pamoja zinahitaji megabiti 8 hadi 16. Kama intaneti ya nyumbani inatoa nje megabiti 1 tu, hata kamera ya bei kubwa haiwezi kupita hapo. Ni kama kupitisha lori kwenye njia ya baiskeli.

Tafuta mahali penye shida

Usibadilishe vitu vyote kwa mara moja. Pima hatua kwa hatua.

1. Simama nyumbani, simu ikiwa kwenye Wi-Fi ileile ya kamera. Picha ikikwama hata hapo, mara nyingi shida iko ndani ya lupango. Labda kamera iko mbali na modemu, na katikati kuna kuta nene za matofali ao mabati. Sogeza modemu karibu, ao uvute waya mpaka kwenye kamera.

2. Ukiwa bado nyumbani, zima Wi-Fi ya simu na utumie mega zako. Hakikisha kwanza kwamba video nyingine zinafunguka vizuri kwa mega hizo. Kama zinafunguka lakini kamera inakwama, shida iko kwenye njia ya kutoka nyumbani.

3. Rudi kwenye Wi-Fi na upime kasi ya intaneti. Watu wengi wanaangalia namba ya kwanza, ile kubwa, ya kupokea. Wewe angalia namba ya kutuma. Pima asubuhi, kisha upime jioni, wakati majirani wote wako kwenye mtandao.

4. Mwombe ndugu mwingine aliye mahali pengine afungue kamera hiyohiyo. Kama kwake inakwenda vizuri, acha nyumba ya wazazi. Shughulika na simu yako ao mtandao wako.

Kumbuka pia umeme. Unapokatika na kurudi, modemu inahitaji muda kabla ya kushika mtandao, na kamera nyingine hazijiungi tena vizuri. Kuzizima na kuziwasha upya kunatosha mara nyingi. Betri ndogo ya kushikilia modemu inasaidia kuliko kamera mpya.

Punguza picha ya simu, usipunguze ya kumbukumbu

Dawa ya kwanza haina bei. Kamera nyingi zinatoa picha za namna mbili: kubwa ya kuhifadhi na ndogo ya kutazama kutoka mbali. Kwenye programu za simu mara nyingi zinaandikwa HD na SD. Chagua SD. Kama fundi anaweza kuingia kwenye mipangilio, aweke picha ndogo kwenye kilobiti 512 kwa sekunde, na picha 10 ao 15 kwa sekunde. Ile kubwa ibaki kwenye kadi ya kamera ao kwenye mashine ya kurekodi. Mwizi akija, sura yake itakuwa imehifadhiwa vizuri, hata kama wewe ulitazama picha hafifu.

Mfuko pia utapumua. Kwa kilobiti 512, saa moja ya kutazama inakula mega 230 hivi. Kwa megabiti 4, saa ileile inakula mega 1800. Na mega zinakatwa pande mbili: nyumbani na kwenye simu yako. Basi fungua kamera moja kwa wakati, na weka taarifa ya kukuamsha kitu kinapotikisika, badala ya kukodolea macho mlango mchana kutwa.

Nyakati nyingine shida iko mbali kabisa. Picha inaweza kupita kwanza kwenye kompyuta za kampuni iliyotengeneza kamera, katika nchi nyingine, ndipo irudi kwako. Mwezi wa Machi 2024 nyaya kadhaa za baharini ziliharibika karibu na Abidjan, na intaneti ikasumbua nchi nyingi za Afrika Magharibi. Siku kama hiyo hakuna cha kutengeneza nyumbani, ni kungoja.

Usifungue mlango kwa kila mtu

Fundi fulani atasema: «Tufungue njia kwenye modemu, picha ipite moja kwa moja.» Inaweza kusaidia, lakini wageni nao watauona mlango huo. Mwaka 2016 programu mbaya inayoitwa Mirai iliteka kamera na modemu nyingi duniani kwa kujaribu maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadilisha. Kabla ya kutafuta kasi, badilisha neno la siri na usasishe programu ya kamera. Kamera iliyowekwa kulinda watoto isigeuke dirisha la wageni.

Angalia saa kabla ya kusema

Kwenye pembe ya picha kuna saa. Ilinganishe na saa ya huko nyumbani. Kama sekunde hazitembei, unaangalia picha iliyokufa. Na ukumbuke tofauti ya majira: Kinshasa iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa moja. Wengine wamegombana na mlinzi kuhusu «saa kumi na mbili» ambayo kwake ilikuwa saa moja.

Mlinzi anayekesha kwenye baridi ana haki ya kuulizwa kabla ya kulaumiwa. Mpigie kwa upole: «Papa, habari za huko?» Sauti yake itakufikia hata pale picha inaposhindwa kupita.