Homa ya Kurithi na Ushahidi wa Mkojo

Yapo maradhi ya homa ambayo hayaletwi na kijidudu chochote. Chembe nyeupe za damu, ambazo ni walinzi wa mwili, huamka pasipo adui na kuushambulia mwili wenyewe. Mojawapo ni Homa ya Kurithi ya Mediterania, ionekanayo hasa miongoni mwa Waturuki, Waarmenia, Wayahudi na Waarabu. Penginepo ni nadra. Mgonjwa hushikwa na homa na maumivu makali ya tumbo au kifua kwa muda wa siku 1 hadi 3, kisha huinuka kana kwamba hakuugua.

Hata hivyo, madhara yaweza kuendelea kimyakimya. Kila homa ipandapo, ini hutoa kwa wingi protini iitwayo amiloidi A. Baada ya miaka mingi, vipande vyake huweza kujikusanya katika figo na kuwa nyuzi zisizoyeyuka. Figo zetu mbili huchuja yapata lita 180 za majimaji ya damu kila siku, nazo huzizuia protini zisipotee. Kwa kawaida zile zipitazo katika mkojo hazizidi miligramu 150 kwa siku. Nyuzi hizo zikiharibu chujio, protini iitwayo albumini huanza kuvuja. Mgonjwa hasikii maumivu ya figo, lakini mkojo wake umekwisha kutoa habari.

Mwalimu aweza kuionyesha kanuni ya kipimo cha kale kwa kuchemsha ute wa yai uliochanganywa na maji: protini huganda, na maji hugeuka meupe. Waganga wa zamani waliuchemsha mkojo vivyo hivyo. Siku hizi hutumika kijikaratasi chenye kemikali kinachobadilika rangi.

Hapana budi kutahadhari. Albumini katika mkojo haitaji jina la ugonjwa, kwani kisukari na shinikizo la damu nayo huivujisha. Ugonjwa wenyewe hutambuliwa kwa historia ya homa za mgonjwa, pamoja na uchunguzi wa jeni ya MEFV iliyogunduliwa mwaka 1997.

Tangu mwaka 1972 ilipofahamika kwamba dawa ya kolchisini huzuia homa hizo, wagonjwa wengi wameepushwa na kifo cha figo. Dawa hiyo humezwa kila siku, hata homa inapokuwa haipo. Kwa hiyo mgonjwa ajionaye mzima hupimwa mkojo mara kwa mara, ili figo zisiharibike pasipo yeye kujua.