Obokano Ndani ya Kinanda cha Umeme

Sisi watu wa pwani, msomaji, tumeshazoea kukiona kinanda cha umeme kimekaa mahali walipokuwa wakikaa wapiga fidla, ganuni na kodiani. Kwa hivyo nilipoalikwa Nyamira kwenda kusikiliza kijana mmoja anavyocheza muziki wa kale kwa kinanda, nilikwenda kwa adabu tu. Nilidhani sina jipya la kusikia.

Kijana huyo hupiga kinanda kanisani kwao. Babu yake alikuwa mpigaji wa obokano, ile ala kubwa ya Wagusii yenye nyuzi nane, bakuli lake la mti limewambwa ngozi ya ng'ombe, na mvumo wake mzito una mkwaruzo kama wa nyuki ndani ya mzinga. Obokano hutaka mikono miwili. Mzee alipatwa na kiharusi, mkono wa kushoto ukafa, na nyumbani hakuna aliyekuwa amejifunza. Wapo wanaoipiga hadharani hata leo, kama yule mshairi Grandmaster Masese, lakini nyimbo za mzee huyu anazo yeye peke yake.

Basi mjukuu alinasa sauti ya kila uzi, akaitia katika kinanda, kila uzi na kitufe chake. Akatupigia. Wallahi, ungefumba macho ungesema obokano imo chumbani, hata ule mkwaruzo umo! Mzee akatikisa kichwa. Akasema uzi wa tatu unaumwa.

Kumbe kijana alikuwa amezivuta sauti zilingane na kinanda, ili kwaya iweze kufuata.

Hapo nikakumbuka yaliyotupata sisi. Udi na ganuni zinajua sauti zilizo baina ya sauti, zile robo ambazo bila yake bayati si bayati. Kinanda cha kawaida kimekata ngazi ya sauti vipande 12 vilivyo sawasawa, basi. Tarabu ya kisasa ilipovuma miaka ya 1990, na akina East African Melody wakaweka vinanda mbele, tulipata kucheza sana, lakini zile robo mara nyingi zilikwenda na maji. Silaumu umeme wenyewe. Mohammed Abdel Wahab alitia gitaa la umeme katika "Enta Omri" ya Umm Kulthum mwaka 1964, na nani alilalamika akamaliza? Baadaye viwanda vikatengeneza vinanda ambavyo sauti zake hushushwa robo, kwa kuwa Waarabu walivitaka hivyo.

Nikamsimulia kijana habari za Wendy Carlos wa Marekani. Mwaka 1968 alitoa sahani ya Switched-On Bach, muziki wa Bach wa karne ya 18 uliopigwa kwa sinthesaiza ya Robert Moog. Chombo kile kilitoa sauti moja tu kwa wakati mmoja, ikabidi kila mstari unaswe peke yake kwenye utepe, kisha yote iunganishwe. Kwa kazi hiyo alitumia miezi kadhaa. Kinachonivutia zaidi ni kwamba mtu huyo huyo, katika Beauty in the Beast ya mwaka 1986, aliziacha zile sauti 12 akaenda kutafuta ngazi nyingine, hata za kisiwa cha Bali.

Kijana hakunijibu. Aliivuta obokano akaiweka mbele ya babu yake. Mzee akadonoa uzi wa kwanza kwa mkono wake wa kulia. Mjukuu akaishusha sauti ya kinanda kidogo, akapiga, mzee akakataa. Akashusha tena, mzee akakataa. Akapandisha nukta moja, mzee akanyamaza. Nikafahamu kwamba kunyamaza ndiyo kukubali. Uzi wa tatu peke yake ulichukua muda mrefu kuliko chai mbili.

Nilitaka kuiwahi Magharibi katika msikiti wa Kisii mjini, na matatu za Keroka hazingoji mtu. Nilipoaga walikuwa kwenye uzi wa tano. Mzee hakuinua uso.